Wanasema jumba la maonyesho litaufufua mtaa wetu. Niuze nyumba au nisubiri?

*"Naishi na familia kwenye nyumba niliyorithi kwa wazazi, na vyumba viwili vya nyuma nimepangisha. Ng'ambo ya barabara kuna maghala ya zamani yamekaa matupu miaka mingi. Sasa manispaa imetangaza itajenga hapo jumba kubwa la sanaa za maonyesho, viti 1,500. Kwenye mkutano walituonyesha picha nzuri, wakasema itakuwa kama Sydney, watalii watakuja, ajira zitakuja, thamani ya nyumba itapanda. Tayari kuna jamaa amenijia na karatasi, anataka kununua. Mke wangu anasema tuuze kabla hatujabomolewa, mdogo wangu anasema tukiuza tutajuta. Hivi kweli jumba la maigizo na muziki linaweza kufufua mtaa? Na sisi tuliopo tunafaidika, au ndo tunaondolewa kistaarabu?"*

Ndugu yangu, hapo umeuliza maswali matatu kwa mpigo, na nahisi waliokuja kwenye mkutano wenu waliyachanganya vilevile. Kuna swali kama jumba linaweza kufufua mtaa, kuna swali kama uhai huo utakufikia wewe, na kuna swali la ile karatasi. La kwanza jibu lake ni ndiyo, ila kwa masharti mazito. La pili linategemea mambo ambayo hayamo kabisa kwenye picha mliyoonyeshwa. La tatu nakujibu mapema ili upate usingizi: usisaini chochote kwa sasa.

Nimefanya kazi ya mipango miji miaka mingi na mikutano kama huo wenu nimeikalia sana, tena upande wa meza wa wale wenye picha, kwa hiyo najua picha zinavyopikwa. Nikisie yenu? Jua linazama, uwanja wa mbele umejaa watu, kuna mtoto ana puto. Sasa jiulize, jua likiwa linazama watu wote hao wanafanya nini pale wakati onyesho linaanza saa moja na nusu usiku au saa mbili? Hawapo. Mchoraji kawabandika. Simlaumu, ndiyo kazi aliyopewa, ila usiinunue picha kama vile ni ratiba.

Tuanze na hiyo Sydney maana inatajwa kila mahali. Jumba lile la opera (maigizo ya kuimbwa) la Sydney, Australia, lilifunguliwa 1973. Mchoro wa msanifu majengo Jørn Utzon ulichaguliwa 1957, makadirio yalikuwa dola milioni 7 za Australia, likamalizika kwa milioni 102, miaka kumi nyuma ya muda, na sehemu kubwa ya pesa ikatoka kwenye bahati nasibu. Lakini gharama tuiache kwanza. Wengi wanasahau pale palikuwa wapi: kwenye rasi ya Bennelong Point, palipokuwa na karakana ya tramu, hatua chache kutoka gati la feri katikati ya jiji ambalo tayari lilikuwa na uhai wake. Halikufufua mtaa uliokufa, lilipendezesha mahali ambapo watu walikuwa wanapita kila siku. Kwa hiyo anayekwambia "kama Sydney" mjibu kwa adabu, je na feri tutaletewa?

Mji mwingine wanaoupenda ni Bilbao, Hispania. Hadithi inasimuliwa hivi: mji wa viwanda ulikufa, wakajenga jumba la makumbusho la Guggenheim mwaka 1997, mji ukaamka. Tamu kweli, ila imekatwa kichwa na miguu. Kabla ya jumba kulikuwa na shirika la umma lililoundwa 1992 kwa kazi hasa ya kushika ardhi zilizoachwa na viwanda, reli na bandari na kuzipangia matumizi mapya, kulikuwa na treni ya chini ya ardhi iliyoanza 1995, kulikuwa na miaka ya kusafisha mto uliokuwa unanuka, na shughuli za bandari zikasogezwa kuelekea baharini. Kisha 1999 wakafungua ukumbi wa Euskalduna, wa opera na orkestra, mahali palipokuwa na karakana ya kujenga meli. Yaani lile jengo linalong'aa ni taa iliyowashwa kwenye nyumba ambayo tayari ilishavutiwa nyaya. Miji mingi imenunua taa tu halafu inashangaa kwa nini kuna giza.

Sasa tuje kwenye utaratibu wenyewe, maana ukiuelewa huu utaweza kuuliza maswali peke yako bila mimi. Mtaa unafufuka kwa miguu ya watu, watu wanaopita mara nyingi, saa tofauti tofauti, wakiwa na sababu ya kusimama. Tupige hesabu ya kidaftari. Jumba lenu lina viti 1,500. Tuseme lina maonyesho 120 kwa mwaka, na kila onyesho viti sita kati ya kumi vinakaliwa. Hao ni watu 108,000 kwa mwaka. Unaona ni wengi eeh? Haya chukua ofisi ya kawaida kabisa, wafanyakazi 600, siku 250 za kazi: 150,000. Hiyo ni ofisi moja isiyo na mbwembwe, na hamna meya atakayeikatia utepe. Tena hawa 108,000 wanakuja kwa siku 120 tu, zile siku nyingine 245 mtaa unaangaliana na ukuta mkubwa uliofungwa.

Sasa usikate tamaa na hesabu hiyo, maana jumba lina kitu ambacho ofisi haina, nacho ni saa. Ofisi inamwaga watu jioni wanakimbilia makwao, jumba linawaleta muda huohuo na kuwaachia saa nne na nusu usiku wakiwa wamechangamka na wana njaa. Mtaa wenye watu usiku una taa, ukiwa na taa una usalama, na usalama ndio unaomfanya mwenye biashara arefushe masaa na mpangaji mpya akubali kuhamia. Hiyo ndiyo zawadi halisi ya jumba la maonyesho, lakini inamfikia jirani ikiwa tu wale watu watatembea kwenye barabara yake.

Na hapa ndipo niliposhuhudia kitu kimoja kinachonisumbua mpaka leo. Usiku mmoja nilisimama nje ya jumba moja jipya, silitaji, nikasubiri onyesho liishe maana nilitaka kuhesabu watu wanaelekea wapi. Ukumbi ulikuwa umejaa, makofi nilikuwa nayasikia. Milango ikafunguliwa, nikaona kama watu arobaini hivi, wengine wote wakapotea. Kumbe lifti zilikuwa zinawashusha kutoka ndani moja kwa moja mpaka maegesho ya chini, magari yakatokea upande wa pili na kuingia barabara kuu. Baada ya dakika ishirini kimya. Ng'ambo kulikuwa na mgahawa, mwenye nao alikuwa ameongeza meza nje kwa ajili ya usiku huo, nikamwona anazikunja moja moja. Watu zaidi ya elfu walikuja mtaani kwake na hakuna aliyegusa lami yake. Kosa halikuwa la wasanii wala la mtaa, lilikuwa kwenye mchoro, mtu alichora lifti pale badala ya mlango.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa manispaa liwe hili: milango iko upande gani, na maegesho yako wapi? Ukuta unaotazama nyumba zenu una nini, madirisha na fremu za biashara, au ni sehemu ya kushushia mizigo? Kila jumba lina mgongo, ni lazima, mandhari za jukwaani haziingilii dirishani, malori makubwa yanahitaji kugeuza na mara nyingi ni usiku wa manane. Mtaa fulani lazima upate mgongo. Hakikisha unajua kama ni wako.

Mfano wa kinyume ni Oslo. Jumba lao la opera lilifunguliwa 2008 kwenye ufuko uliokuwa wa bandari na viwanda, na paa lake ni la marumaru nyeupe linalotelemka mpaka majini. Mtu yeyote anapanda, hana tiketi, hapendi opera, amekuja na mbwa wake, anapanda tu anakaa juu anaangalia maji. Zile siku 245 nilizokwambia hazikuachwa zife. Jumba lenye mazoezi ya vijana asubuhi, darasa la dansi mchana, ukumbi wa chini ulio wazi kila siku hata kama jukwaani hamna kitu, hilo linaleta miguu mingi kuliko jumba lenye viti mara mbili yake. Mimi binafsi ningewapa viti 600 na vyumba kumi vya mazoezi kabla ya kuwapa hivyo 1,500, ila viti 1,500 ndivyo vinavyopiga picha vizuri.

Kuna njia nyingine inayosahaulika, ya kutumia kilichopo. Cleveland, Marekani, ilikuwa na kundi la kumbi zilizojengwa miaka ya mwanzo ya 1920, zikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na mpango ukawa ni kuvunja baadhi. Mwaka 1970 mfanyakazi wa ofisi ya shule aitwaye Ray Shepardson akaanza kupiga kelele ziokolewe, na 1973 wakaanza onyesho dogo la nyimbo, tena halikuwa hata ndani ya ukumbi mkubwa, lilikuwa kwenye sebule ya kuingilia. Likaendelea zaidi ya miaka miwili! Pesa na imani vikaanza kurudi, ukumbi mmoja ukakarabatiwa, halafu mwingine. La maana zaidi kwa swali lako, taasisi inayoendesha kumbi hizo ilikuja kumiliki na kusimamia majengo ya eneo lile, kwa hiyo ardhi ikipanda na sanaa inapata sehemu yake, siyo mwenye ofisi za jirani peke yake. Ninyi mna maghala tayari. Kuna mtu amekagua kuta zake, au mpango umeanza moja kwa moja na kuvunja? Uliza.

Suala la pesa nitalipitia haraka ingawa ndilo linaloua miradi mingi. Kujenga kunazidi bajeti karibu kila mara. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichunguza miradi ya majengo ya sanaa Marekani ya kuanzia 1994 mpaka 2008, wakakuta zaidi ya asilimia 80 ilipita bajeti. Hamburg, Ujerumani, waliambiwa mwanzoni ukumbi wao wa Elbphilharmonie utaugharimu mji euro milioni 77, ulipofunguliwa 2017 mji ulikuwa umetoa milioni 789. Leo ni ukumbi mzuri ajabu na watu wanaupenda, lakini Hamburg ni mji tajiri. Wenu je?

Halafu baada ya utepe kukatwa ndo gharama zinaanza. Wachumi wawili, William Baumol na William Bowen, walilieleza hili mwaka 1966 na halijabadilika. Kiwandani mashine mpya inamfanya mtu mmoja atoe kazi ya watu kumi, mshahara unapanda na bidhaa bado inashuka bei. Sasa kundi la wapiga fidla wanne, miaka mia mbili iliyopita walihitaji watu wanne na nusu saa kupiga muziki wao, leo ni watu wanne na nusu saa ileile. Huwezi kumpunguza mmoja, huwezi kuwaambia waharakishe. Mishahara yao inapaswa kupanda kama ya wengine lakini kazi haiongezeki, kwa hiyo tiketi peke yake mara nyingi haitoshi na pengo linazibwa na ruzuku, wafadhili au kodi ya pango ya majengo ambayo taasisi inayamiliki. Mradi usio na jibu la pengo hili utaishia kukodisha ukumbi kwa mikutano na sherehe, na mtaa unarudi usingizini. Kwa hiyo hati ya kuomba ni bajeti ya uendeshaji ya miaka kumi, hiyo ya ujenzi waachie wenyewe. Wakikwambia bado haijaandaliwa, umeshapata jibu lako.

Sasa hofu ya mkeo. Isipuuzwe, ina historia. Lincoln Center ya New York, jumba la opera, orkestra na dansi linalosifiwa dunia nzima, ilijengwa juu ya mtaa ulioitwa San Juan Hill, watu weusi wengi na watu wa Puerto Rico. Thelonious Monk, yule mpiga piano wa jazi, alikulia hapo. Rais wa Marekani, Eisenhower, alichimba koleo la kwanza 1959, na kwa mpango ule mzima wa kusafisha eneo zikaondolewa familia zaidi ya 7,000 na biashara kama 800. Kwa upande wa majengo na bei ya ardhi, mpango ulifanikiwa sana. Ila waliofufuliwa siyo waliokuwepo. Mwaka 2022 waliporudisha ukumbi wao mkubwa baada ya ukarabati, kazi waliyofungulia ilikuwa ni utunzi kuhusu mtaa huo uliovunjwa, ndiyo kukiri kwenyewe huko, miaka sitini baadaye.

Siku hizi bomoabomoa ya namna ile ni ngumu zaidi kupita, lakini watu wanaondoka hata bila tingatinga. Inakuwa hivi: mradi unatangazwa, ardhi inaanza kununuliwa na wasiokaa hapo, bei ya kwenye karatasi inapanda kabla hata msingi haujachimbwa, wenye nyumba wanaongeza kodi kwa matumaini tu, wapangaji wanaondoka, na tozo za majengo zinafuata thamani mpya. Anayeumia wa kwanza ni mpangaji, wa pili ni mwenye nyumba asiye na pesa mkononi, mwenye utajiri wa kuta tu kama wewe na mimi. Na uhai wenyewe unachelewa kuliko bei! Newark, New Jersey, ilifungua kituo chake cha sanaa za maonyesho 1997, miaka thelathini baada ya machafuko ya 1967 yaliyoua watu 26. Kimesaidia, watu waliokuwa wanaogopa katikati ya mji walianza kurudi usiku. Lakini jengo jipya la makazi lililokuwa kwenye ndoto za tangu mwanzo, lile la ghorofa 22 ng'ambo ya kituo, limekuja kufunguliwa 2018. Hiyo ni miaka 21 ya kungoja. Mtoto aliyezaliwa siku ya ufunguzi alikuwa amemaliza shule.

Kwa hiyo kwenye mabishano ya nyumbani kwako, nadhani mkeo yuko sahihi kuhusu hatari na mdogo wako yuko sahihi kuhusu bei, ila wote wawili wanafikiri kuna njia mbili tu. Ukiuza leo unapata uhakika na pesa taslimu, na kama una deni au mgonjwa ndani hilo siyo jambo la aibu. Lakini unauza wakati mnunuzi anajua zaidi yako, na hiyo ni biashara mbaya siku zote. Ukisubiri, unaweza kupanda na bei, au mradi ukafa katikati na ukabaki unatazama shimo lenye mabati kuzunguka, hilo hutokea sana usidanganyike. Njia ya tatu ni kukaa huku ukipunguza hatari: kukodisha sehemu ya mbele kwa mkataba mfupi unaoweza kupitiwa upya, au wenye nyumba wa upande wenu kujiunga na kukubaliana kutouza mmoja mmoja, maana jamaa wa karatasi nguvu yake yote ni kumkuta kila mtu peke yake mlangoni. Mkiwa pamoja mnaweza pia kudai makubaliano ya maandishi na manispaa sasa hivi, kabla ya kibali: ajira ngapi kwa wakazi, fremu ngapi kwa wafanyabiashara waliopo, ukumbi uwe wazi kwa vikundi vya mtaa siku zipi. Kibali kikishatoka hamna atakayewapokea simu. Na wapangaji wako wawili muwaingize kwenye mazungumzo, wao ndo watatangulia kuguswa.

Kuna mambo mimi siwezi kukufanyia kutoka hapa, yanataka mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Umesema nyumba ni ya urithi. Hati ina jina lako au bado ina jina la marehemu? Kama bado, hilo ndilo la kushughulikia kwanza kuliko yote niliyoandika hapo juu, maana ikija fidia au mauzo halali, asiye na jina kwenye hati anabaki anaonyesha picha za mazishi. Nenda kwa mwanasheria wa ardhi na nyaraka zote, na ndugu zako mnaorithi pamoja wajue. Pili, tafuta mthamini aliyesajiliwa, ambaye hujatafutiwa na mnunuzi, akupe thamani kwa maandishi. Utamlipa, ndiyo, lakini ni kidogo ukilinganisha na utakachopoteza kwa kukisia. Tatu, nenda mwenyewe ofisi ya mipango miji ukaombe kuona ramani, siyo picha, ramani, uone mpaka wa mradi unapita wapi kulingana na ukuta wako, kama kuna barabara itapanuliwa, na siku ya mwisho ya kupeleka pingamizi ni lini. Tarehe hiyo iandike ukutani. Na kama umepokea barua yoyote yenye neno "kutwaa" au "fidia", usingoje hata kumaliza kusoma hapa, mwanasheria leo.

Yule jamaa akirudi, mkaribishe, mpe kiti, mwambie mnathaminisha kwanza na utampigia. Halafu muulize ananunua kwa niaba ya nani.